Kericho Haina Bahari

Mwanangu Achieng,

Sitakuuliza hali yako, maana nakusikia huko nyuma ya nyumba ukicheka na Mercy anayekusuka, na mtu anayecheka hivyo hana malaria. Mimi niko hapa mezani, nimekalia kile kiti kibovu ambacho mama yako husema nitazikwa nacho. Kesho asubuhi unaondoka kwenda chuo kikuu kusomea upimaji wa ardhi. Mambo ya blanketi, kadi ya hospitali na watu wa kuogopa huko Nairobi, mama yako amekuambia tangu Jumatano na bado hajamaliza. Mimi nina jambo lingine. Nimekasirika tangu tulipotoka kanisani, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, kwa hivyo nivumilie.

Leo mchungaji alikusimamisha mbele ili uombewe, akakuuliza kwa nini umechagua kozi hiyo. Ukashika kipaza sauti na kuwaambia watu habari za baba yako. Ulisema, "Baba yangu ndiye mlinzi wa ile nguzo ya setilaiti kule juu kwa chai. Wataalamu walishindwa kujua kwa nini ardhi inapanda na kushuka, lakini baba akasema ni maji. Wakamcheka. Miaka imepita, sasa imejulikana hakuwa mbali na ukweli." Watu wakapiga makofi. Mzee wa kanisa akanigonga begani kana kwamba mimi ndiye niliyeumba hayo maji. Uliniona nikitoka nje, na tulipofika nyumbani ukaniuliza kama tumbo linaniuma.

Tumbo haliniumi. Hukudanganya mtu pale mbele, mwanangu. Ulisema kile ulichojua. Nusu iliyobaki mimi ndiye niliyekunyima, na siwezi kukuacha uende ukaisimulie hiyo nusu moja kwa maprofesa kama vile ni ushuhuda.

Nguzo yenyewe unaijua tangu utotoni. Ni kile kipande cha saruji kinachomfika mtu mzima kifuani, pale kilimani katikati ya chai ya kampuni, kimezungushiwa ua wa seng'enge. Juu yake kuna antena yenye kofia nyeupe inayosikiliza setilaiti usiku na mchana ili wapimaji wajue mahali hapo ni wapi hasa na pako juu kiasi gani. Kazi yangu ilikuwa kufyeka nyasi, kupangusa kile kisanduku cha betri, kuandika kwenye daftari hali ya hewa na saa niliyoingia na kutoka, na kuhakikisha hakuna mtu wala ng'ombe anayegusa chochote. Kampuni iliniazima kwa watu wa mradi wa serikali wa upimaji. Mshahara ulikuwa wa kampuni, nyumba ya kampuni, na mdomo wangu pia nilikuja kugundua ulikuwa wa kampuni.

Ulikuwa darasa la tatu wakati yule kijana wa mradi alipoanza kunishuku. Jina lake sitaliandika. Wachumaji walimwita Bwana Vipimo, akalipenda. Alikuwa akija kila baada ya wiki mbili na kompyuta yake, anaifungua juu ya boneti ya gari na kunionyesha mstari. Mstari huo ulipaswa kulala sawa. Badala yake ulipanda na kushuka mara mbili kwa siku, kidogo sana, chini ya upana wa kidole, lakini bila kukosa. Akaniambia, "Kuna mtu anasukuma hii nguzo. Au ni wewe unaiegemea ukifyeka."

Nilikasirika, lakini siku hiyo hasira yangu ilikuwa na akili. Nilimletea daftari. Nikamwambia, "Bwana, mimi naingia hapa saa moja asubuhi kila siku, angalia. Hiki kilima cha mstari leo kiko saa moja. Wiki ijayo kitakuwa saa saba mchana. Kila siku kinachelewa kama dakika hamsini. Ni mlinzi gani anachelewa hivyo kwa mpango?" Alitazama daftari, akatazama kompyuta. Naapa aliliona. Aliona kabisa kwamba hakuna mkono wa binadamu unaofanya kazi kwa ratiba ya namna hiyo.

Akauliza, "Basi ni nini?"

Hapo ndipo niliposema ni ziwa. Wewe unajua nilizaliwa kule chini, nyumba ya baba ikitazama maji. Tukiwa watoto tulikuwa tukiona ziwa likisogea asubuhi na kurudi jioni upepo ukigeuka, na mama yangu alipanga kufua nguo kwa kufuata huko kusogea. Nikawaza, maji yote hayo yakiegemea upande huu, ardhi itakosa kusikia? Nilikosea. Ule ulikuwa upepo tu, na ziwa letu halijai na kupwa kwa namna ya kusukuma kilima cha Kericho. Lakini lilikuwa wazo la mtu aliyekuwa ametazama, ameandika na amefikiri.

Meneja msaidizi alikuwa amesimama karibu. Wakatazamana wakacheka mpaka yule meneja akashika boneti. "Nyinyi watu wa ziwa," akasema, "hata chai ikichacha mtasema ni ziwa." Wachumaji waliokuwa jirani nao wakacheka, kwa sababu meneja akicheka unacheka. Tangu siku hiyo, kwa miezi, nikipita kwenye mizani ya kupimia majani kulikuwa na mtu wa kuniuliza kama ziwa limeamkaje.

Sasa sikiliza nilivyojifunza vibaya. Nilipaswa kujifunza kwamba wale wawili walikuwa wajinga wenye kompyuta. Mimi nikajifunza kunyamaza.

Mwezi uliofuata waliniita ofisini. Mradi ulikuwa umemwandikia meneja mkubwa barua kwamba kifaa chao kinachezewa, naye alitaka jina. Si sababu, jina. Nilikuwa na barua mbili za onyo tayari, zote za mdomo huu huu, moja kwa kumjibu nyapara na nyingine kwa kumjibu tena alipoleta ile ya kwanza. Barua ya tatu ni kufukuzwa, na ukifukuzwa una siku tatu kutoka kwenye nyumba. Mama yako alikuwa na mimba ya mdogo wako na miguu imevimba.

Meneja msaidizi akauliza, "Ni wewe unaigusa?"

"Hapana."

"Kuna mtu mwingine amewahi kuingia ndani ya ua?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Nani?"

"Mama Kiprono."

Ni kweli alikuwa ameingia. Nataka uelewe hivyo, maana kwa miaka kumi nimejitetea na huo ukweli. Mama Kiprono, Rael, yule mama mrefu wa kutoka Ndanai tuliyekaa naye laini moja ya nyumba za kampuni. Labda humkumbuki vizuri. Alikuwa akikubeba mgongoni juu ya kapu la majani, na Jumapili alikuwa anakumwagia mursik, yale maziwa yao ya kuchacha, kwenye kikombe chako cha bluu, halafu anacheka ukikunja uso na kuomba tena. Kiprono wake mlikaa naye dawati moja.

Siku aliyoingia, mvua ya mawe ilikuwa inanyesha. Unajua mawe ya Kericho. Yalikuwa yanaanguka makubwa, chai inachanika, wachumaji wote wamekimbilia kwenye kibanda cha mizani. Mimi nilikuwa nimeteremka bondeni na ufunguo wa geti mfukoni. Ile antena ilikuwa wazi, kofia yake ilikuwa na ufa tangu wiki iliyotangulia na niliripoti lakini hakuna aliyekuja. Mama Kiprono alijua kitu hicho kikivunjika nitakatwa kichwa. Akaruka ua. Alivua ile aproni yake nene ya plastiki ya kuchumia, akaitandaza juu ya kofia, akaishikilia kwa mikono yote miwili mpaka mawe yakaisha. Nilipopanda mbio nikamkuta mgongo umelowa na sikio linatoka damu. Aliniambia tu, "Baba Achieng, hii mtoto yako nimekulindia. Sasa nipatie chai." Tukacheka. Sikuandika kwenye daftari, kwa sababu kanuni zilikataza mtu yeyote kuingia, nami nilitaka kumkinga.

Hiyo ndiyo siku niliyompa meneja, lakini nilimpa mlango wake tu. Nilisema ameingia, nikanyamaza. Nilijiambia wataniuliza kwa nini, halafu nitaeleza. Hawakuuliza.

Walimwita kesho yake. Alikuja na aproni bado ameivaa, ametolewa katikati ya mstari wa chai. Walikuwepo meneja msaidizi, nyapara, Bwana Vipimo na kompyuta yake, na mimi. Wakamsomea kwamba ameonekana ndani ya ua na amesababisha hasara kwa kazi ya kitaifa. Hakupiga kelele. Alinigeukia akasema, "Baba Achieng, hebu ambia hawa watu mimi nilikuwa nafanya nini huko ndani."

Nilimwona mama yako na miguu yake. Niliona godoro letu nje kwenye umande. Nilisikia pia kile kicheko cha boneti, nikawaza nikifungua mdomo watacheka tena. Nikasema, "Mimi niliona tu ameingia."

Mama Kiprono akavua aproni, akaikunja vizuri kama nguo ya kanisani, akaiweka juu ya meza ya meneja, juu ya karatasi zake, akatoka. Siku ya tatu pikapu ilikuja ikachukua vitu vyake. Ukaniuliza Kiprono amekwenda wapi, nikakujibu, "Wamerudi kwao." Ulilia kwa sababu alikuwa na rula yako.

Kinachonichemsha mpaka leo ni hiki. Baada ya wiki mbili Bwana Vipimo alikuja, akafungua kompyuta, na mstari ulikuwa vilevile. Juu, chini, mara mbili kwa siku, unachelewa dakika hamsini. Mama Kiprono alikuwa Ndanai anapanda maharagwe na mstari haukuwa na habari naye. Nilimwambia, "Bwana, bado inapanda." Akasema, "Inaonekana ni kelele tu ya mashini." Nikamuuliza, "Na yule mama?" Akafunga kompyuta. "Hayo ni mambo ya kampuni. Mimi ni wa mradi." Nikaenda kwa meneja msaidizi, na kwenda huko kulinigharimu jasho la wiki nzima, naye akasema, "Hayo ni mambo ya mradi. Sisi tulifuata ripoti yao." Nikasimama katikati ya hao wawili na kofia yangu mkononi, nikarudi kufyeka nyasi. Ningeweza kupiga kelele siku ile. Mashahidi walikuwa kwenye kompyuta, daftari lilikuwa kwapani. Nilirudi kufyeka nyasi, Achieng.

Basi ukaja mwaka jana, ambao ndio unaoujua. Madam Mwende alikuja kubadilisha antena, akala kwetu siku mbili, nawe ukamfuata kila alipokwenda kama mkia. Yeye ndiye aliyechukua faili za zamani akazipitisha upya kwenye kompyuta. Nakumbuka alivyosema, hapa hapa mezani, akitafuna nduma, "Hii haikuwa shida ya nguzo. Huyu aliyejaza fomu aliacha sehemu ya bahari wazi."

Wewe ukauliza, "Bahari gani? Sisi tuko Kericho."

Akakueleza. Bahari ikijaa, maji mengi yanaongezeka upande mmoja, na maji ni mazito, kwa hivyo ardhi inabonyea. Ikipwa, ardhi inainuka. Mwezi wenyewe huvuta ardhi pia, lakini huo mvuto kompyuta ilikuwa imeshauondoa. Kilichobaki kwenye mstari wetu kilikuwa mzigo wa bahari, ambao mpimaji anatakiwa kuujaza mwenyewe kwa kila mahali. Ukamwuliza kwa nini kila mahali na si mara moja kwa nchi nzima. Akakupeleka chumbani. Akaweka kikombe upande mmoja wa godoro letu la sponji na kukuambia ukae upande wa pili, kikombe kikainama. Kisha mkaenda kwenye godoro la mdogo wako, lile gumu la zamani, ukakaa umbali ule ule, na kikombe kikatikisika kidogo tu. Ndivyo ilivyo, akasema. Mombasa na Lamu zinabonyea zaidi yetu kwa sababu ziko karibu na mzigo, na kuna pwani za nchi za mbali zinazobonyea kuliko hizo kwa kuwa bahari yao inajaa sana. Lakini si umbali peke yake. Mahali pawili palipo mbali sawa na maji huenda pasilingane, maana chini yao mwamba ni tofauti, pengine mgumu na baridi, pengine umelainishwa na joto kama kule kwenye Bonde la Ufa. Hata saa ya kushuka si moja.

Ulikuwa unaandika kwa kasi mpaka kalamu ikachana karatasi. Mimi nikamuuliza Madam, "Sasa huyo kijana aliacha wazi kwa nini?"

Akainua mabega. "Labda aliona Kericho haina bahari." Akacheka kidogo, bila ubaya, kama mtu anavyocheka kosa la mwenzake wa kazini.

Ukanirukia shingoni ukasema, "Baba, kumbe ulikuwa karibu!" Nami nikaondoka mezani, ukadhani ni machozi ya furaha. Nilienda kusimama kwenye choo, mahali pekee penye mlango wa kujifungia, nikauma mkono wangu. Fomu moja. Nafasi moja kwenye fomu, ambayo kijana hakujaza kwa sababu alitazama dirishani akaona chai. Nilichoshindwa kabisa kukimeza ni uungwana wote uliotolewa siku ile. Mwamba ulipewa nafasi ya kujieleza. Lamu ilipewa sababu zake na Bonde la Ufa likapewa zake, kila mahali pakasikilizwa kivyake mpaka milimita ya mwisho. Mama mwenye sikio linalotoka damu hakuulizwa hata swali moja na watu wanne, na mmoja wao alikuwa na jibu mdomoni.

Nitakuambia na hili, kwa kuwa nimeshaanza kujivua nguo. Miaka mitatu iliyopita nilisikia Mama Kiprono amelazwa hospitali ya Longisa, amevunjika nyonga. Nilimwambia mama yako nakwenda kuona fundi wa baiskeli. Nikafika Longisa, nikanunua mkungu mdogo wa ndizi, nikafika hadi getini. Askari akaniuliza, "Unaona nani?" Nikashindwa kutaja jina lake, jina ambalo ofisini lilikuwa limenitoka kwa urahisi hivyo. Nikarudi na ndizi. Mlizila. Ulisema ni tamu.

Alhamisi iliyopita nilipata namba ya Kiprono, ambaye sasa anafanya kazi kwenye mtambo wa kupozea maziwa Ndanai. Nilimwambia mimi ni nani. Nikasikia tu anatembea, kisha sauti ya mama yake. Nilikuwa nimeandika cha kusema kwenye karatasi. Nilimsomea yote, bahari, fomu, mawe, aproni, na kwamba ningependa kuja Ndanai kumwomba msamaha nyumbani kwake, na kuku na sukari kama inavyofaa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Baba Achieng, mimi sitaki pole ya nyumbani. Mimi sikufukuzwa nyumbani. Nilifukuzwa ofisini, mbele ya watu, na mpaka leo hapa Ndanai wananiita yule aliharibu mashini ya serikali. Hiyo maneno utaenda kusemea ofisini."

Nikamwambia, "Mama Kiprono, nikisema ofisini wataniuliza kwa nini nilificha."

"Si watakuuliza, basi? Utawajibu. Mimi Jumatatu nakuja Kericho na fimbo yangu. Saa nne nitakuwa kwa geti ya ofisi."

Akakata.

Nilimwambia mama yako usiku huo huo. Ulidhani tuligombana kwa ajili ya sanduku lako. Hakupiga kelele hata yeye, na wewe unamjua mama yako. Aliketi kitandani akasema, "Kwa hivyo miaka kumi nimekaa kwa nyumba ya kusingizia mtu, na hukuniambia." Kisha akasema, "Ndizi, Baba Achieng. Hata ndizi." Hajanisemesha vizuri tangu hapo, ila leo baada ya kanisa alinipigia pasi lile shati jeupe bila kuambiwa, akalitundika mlangoni.

Sasa unajua kampuni ilivyo siku hizi. Zile mashine za kuchuma zimeingia, laini nzima za nyumba zimebaki tupu madirisha yametolewa, na wanatafuta sababu yoyote ya kupunguza watu. Mlinzi aliyekiri kwamba alificha ukweli kwenye kesi ya ofisi amewaandikia sababu kwa mkono wake. Madam Mwende amenitumia karatasi yenye mistari miwili, ule wa zamani unaopanda na kushuka, na ule uliolala baada ya bahari kujazwa, na ameandika jina lake chini. Alisema, "Mzee, hii itamsafisha huyo mama. Sidhani itakusaidia wewe." Nilimwambia sikuiomba kwa ajili yangu. Ningependa kuwa nilisema hivyo kwa ujasiri, lakini ilibidi nirudie mara mbili ndipo anisikie.

Unaenda kusomea kazi ambayo utakaa mbele ya fomu zenye nafasi nyingi za kujaza, na nyingine utaziona hazina maana kwa mahali ulipo. Utakuwa umechoka, gari linakungoja. Halafu mstari utakataa kulala, na mtu mwenye tai atakuja kukuuliza ni nani. Achieng, mimi sina elimu ya kukufundisha kazi. Najua tu kwamba siku ile palihitajika mtu mmoja wa kusema hatujui bado, rudisheni huyo mama kwenye chai yake tuendelee kutafuta. Tulikuwa wanne ndani ya chumba kile. Nilikuwa na hasira na watatu kwa miaka kumi kabla sijaanza kuhesabu wanne.

Ukitaka kuendelea kumsimulia baba yako, simulia yote. Usiogope kunivunjia heshima. Ukiwa huwezi, basi usisimulie lolote, nitaelewa. Lakini ile ya leo kanisani usiirudie, tafadhali, inaniua.

Kesho mama yako ndiye atakayekusindikiza Kericho mjini mpaka upate gari. Mimi nitakuwa nimevaa shati jeupe nikielekea getini, kwa sababu yule mama anatembea na fimbo na sitaki afike kabla yangu akasimama peke yake mbele ya askari. Usidhani nimekukasirikia kwa kuwa sikuja kukupungia. Nakupenda kuliko ninavyojua kusema, na ningetoa vingi nikuone ukipanda lile gari.

Mkifunga chuo, usije moja kwa moja hapa. Piga simu kwanza, uulize tunakaa wapi.

Ni mimi niliyekuzaa,
Baba yako